Kuchukua, Kubeba na Kutwaa: Vitenzi vya Mizigo katika Kiswahili

Mazungumzo yetu ya leo yahusu maneno ambayo kila mtu huyatumia tangu alfajiri mpaka usiku bila kuyafikiri, nayo ni vitenzi vya mizigo: kuchukua, kubeba, kutwaa, kujitwika, kueleka, kupokea, kuleta, kupeleka, na wenzao. Huenda mtu akasema, "Hayo twayajua tangu utotoni, kuna nini tena cha kufundishwa?" Nasi twamwomba asikilize kwanza kisa kifupi.

Siku moja tulikuwa tumesimama kando ya ziwa, hapa Mwanza, tukingoja chombo cha kwenda Ukerewe. Palikuwapo bibi mmoja mzee, mtu wa pwani, aliyekuja bara kumwangalia mjukuu wake. Alikuwa na kikapu kizito na mkeka uliokunjwa. Kijana mmoja mwenye adabu akamwendea, akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Kijana akautia mzigo ule begani, akatangulia nao. Watu walikuwa wengi mno, na kwa kuwa bibi hakuweza kwenda upesi, alibaki nyuma. Mtu mmoja aliyemwona peke yake akamwuliza, "Bibi, mzigo wako uko wapi?" Naye akajibu kwa utulivu, "Kijana yule amechukua."

Katika Kiswahili cha bibi yule, maana ilikuwa kwamba kijana yu chini ya mzigo, anauhimili. Lakini waliomsikia walifahamu kwamba kijana ameutwaa, amekwenda zake. Mara ukapigwa ukelele wa mwizi. Watu wakakimbia, wakamshika kijana, na mikono ikaanza kuinuliwa. Aliokoka kwa sababu bibi alifika akihema, akajitia katikati yao, akalia, "Mwacheni! Mimi ndiye niliyempa! Amenipokea mzigo, ananipelekea chomboni!" Hapo watu wakatazamana, wakaona haya, wakatawanyika.

Siku ile hakuna aliyesema uongo. Bibi alisema Kiswahili safi, na wale waliomsikia nao walikuwa wasemaji wa Kiswahili tangu kuzaliwa. Tatizo lilikuwa katika kitenzi kimoja chenye maana mbili. Na kijana aliokolewa na vitenzi viwili vingine, kupokea na kupeleka, ambavyo havina shaka ndani yake. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuvitazama vitenzi hivi kwa makini.

Tuanze na kuchukua na kubeba. Katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, ambayo msingi wake ni kazi ya A. C. Madan, kuchukua ni kwanza kabisa kuhimili mzigo na kwenda nao; na kubeba ni kumchukua mtoto mgongoni kwa nguo. Ndivyo walivyosema watu wa Unguja, ambao lahaja yao ilifanywa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini kwa watu wengi wa bara siku hizi mambo yamegeuka. Kubeba kumekuwa kuhimili mzigo wowote, uwe gunia, uwe tofali, uwe mtoto. Na kuchukua kumekuwa kushika kitu na kukifanya kiwe mkononi mwako. "Chukua kitabu," asema mwalimu, na mtoto hunyosha mkono. Hadhani kwamba ameambiwa akae na kitabu begani.

Je, maana ya zamani imekufa? La, haikufa. Imejificha katika maneno yaliyozaliwa na kitenzi kile. Mchukuzi ni mtu achukuaye mizigo kwa ujira, wala si mtu atwaaye vitu. Serikali ya Tanzania ina Wizara ya Uchukuzi, inayoshughulika na reli, meli na ndege, na hakuna adhaniye kwamba kazi yake ni kutwaa vitu vya watu. Mwanamke huchukua mimba, yaani huihimili miezi tisa. Na majirani wema huchukuliana, ndiyo kusema kila mmoja huuhimili udhaifu wa mwenziwe. Kadhalika kubeba kwa maana ya zamani kumehifadhiwa katika methali isemayo kwamba mwana akibebwa hutazama kisogo cha mamaye. Ni dhahiri kwamba methali hiyo yasema juu ya mgongo. Mtoto aliyeshikwa mikononi angetazama uso.

Ndugu zetu Wasukuma, ambao ndio wenyeji wengi wa sehemu hizi za Mwanza, wanazo kazi hizi mbili zimetengwa vizuri katika lugha yao. Kusola ni kutwaa. Kubucha ni kuhimili mzigo. Kiswahili nacho kilikuwa na utengano huo huo: kutwaa upande mmoja, kuchukua upande wa pili. Lakini kutwaa kumeanza kusikika kama neno la vitabuni, na kazi yake imeangukia kuchukua, ambacho tayari kilikuwa na kazi yake. Basi kitenzi kimoja kina mizigo miwili.

Sasa tuutazame mwili wa mwanadamu, maana Kiswahili kina kitenzi karibu kwa kila kiungo kihimilicho mzigo. Nenda asubuhi katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, utazame watu wanavyopita. Mama mmoja amejitwika ungo wa dagaa. Huyo mzigo wake u kichwani, juu ya ngata ya kitambaa. Wa pili amemweleka mtoto. Mtoto yu mgongoni au ubavuni, miguu huku na huku, na nguo imfungayo huitwa mbeleko, neno lililotokana na kueleka. Wa tatu amekaa, amempakata mtoto wake. Mtoto yu mapajani au kifuani. Mzee mmoja amefutika fedha katika pindo la nguo yake, ili mwivi asizione. Mtoto mdogo amefumbata sarafu. Vidole vyote vimeifunika. Vijana wawili wametundika sangara mkubwa katika mpiko, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwingine, kwa kuwa gunia limemshinda, analiburuta mchangani. Na mwenye mkokoteni anaukokota.

Mtu awezaye kusema maneno haya humpa msikilizaji picha kamili bila kuongeza neno lingine. Ukisema tu "mama amebeba mtoto," hatujui kama mtoto yu mgongoni, amelala, au yu mikononi, pengine ni mgonjwa. Lakini ukimpelekea mganga wa zahanati habari kwamba "mama yuaja amempakata mtoto," atajua kwamba mtoto huyu huenda hawezi kukaa mgongoni, naye atajiandaa. Ukisema "yuaja amemweleka," hofu itapungua.

Katika vitenzi hivi kuna ukoo mmoja ambao ni mkongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Ni ukoo wa kutwika, kutwaa na kutua. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu wameona kwamba maneno haya matatu yana shina moja la zamani sana, lenye maana ya mzigo wa kichwani. Kutwika ni kuuweka mzigo juu ya kichwa. Kutwaa, katika asili yake, ni kwenda nao. Kutua ni kuushusha. Hivyo safari nzima ya mzigo, mwanzo wake, njia yake na mwisho wake, imo katika maneno matatu ya ndugu.

Ukivuka ziwa kwenda Buganda utawakuta jamaa zao. Waganda husema kutikka kwa kumtwika mtu, kwetikka kwa kujitwika, na kutwala kwa kupeleka au kutwaa. Tazameni ile l ya kutwala. Kiswahili kimeipoteza katika kutwaa, lakini haikwenda mbali. Tukisema kwamba kitu kimetwaliwa, l inarudi mahali pake. Ndivyo ilivyo pia katika kutua na kutuliwa, kuchukua na kuchukuliwa. Wanafunzi hujifunza kanuni hii kwa kukariri, nao wengine huiona kama ukaidi wa sarufi. Kumbe ni alama ya zamani iliyobaki, kama shina la mti lionyeshalo mahali palipokuwa na msitu.

Kutua nako kumezaa watoto wengi. Mahali walipotua wasafiri mizigo yao paliitwa kituo, na leo twasema kituo cha basi, kituo cha polisi, kituo cha afya. Hata alama tuziwekazo katika maandishi ili msomaji apumzike huitwa alama za vituo. Ndege hutua katika kiwanja cha Mwanza, na baharia hutua tanga. Na mtu aliyetulia ni kama aliyeushusha mzigo wa moyo wake. Ndiyo maana kutua si sawa na kubwaga. Atuaye huweka chini polepole, kwa kuwa mzigo una thamani. Abwagaye huutupa chini, ama kwa uchovu ama kwa hasira. Watu wengi hueleza jina la mji wa Bagamoyo kwa kitenzi hiki cha kubwaga: bwaga moyo. Wengine husema ni moyo uliopumzika baada ya safari ndefu. Wengine husema ni moyo uliokata tamaa. Kwa njia yoyote, ni neno la wachukuzi.

Na hapa hatuwezi kuendelea bila kuwakumbuka wachukuzi hao, kwa sababu wengi wao walikuwa babu zetu wa sehemu hizi. Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana sana kwa kazi ya kuchukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine kwenda pwani, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mtu mmoja alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kama kilo 32, siku baada ya siku, kwa miezi. Aliitwa mpagazi, kutokana na kitenzi kupagaa, kuchukua mabegani. Neno hilo la kupagaa halisikiki sana sasa kwa mizigo, lakini watu husema kwamba fulani amepagawa na pepo. Maana yake ya asili ni kwamba pepo amempanda kama mzigo. Furushi la mpagazi liliitwa mtumba. Leo nguo zilizokwisha kuvaliwa, zijazo kutoka ng'ambo zikiwa zimefungwa katika marobota, twaziita mitumba.

Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, watu wengi sana wa Afrika Mashariki walitiwa katika kazi ya kuwachukulia majeshi vyakula na risasi, na wengi wao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki katika mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam, na Kariokor huko Nairobi. Maelfu hupita sokoni Kariakoo kila siku bila kujua kwamba wanataja jina la wachukuzi. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kazi ya vichwa na mabega ilipungua katika safari ndefu, lakini maneno yake hayakushuka katika ndimi zetu.

Tumekwisha kuona kiungo gani kinachukua. Sasa tutazame mzigo unakwenda wapi. Kiswahili kina kuleta na kupeleka. Kuleta ni kuelekea kwa msemaji, au mahali anapopafikiri kuwa ni pake. Kupeleka ni kuelekea mbali naye. Mtu aliyeko Ukara akimwandikia ndugu yake aliyeko Mwanza, atasema, "Niletee chumvi", na yule wa Mwanza atamwambia mtoto wake, "Mpelekee baba yako mdogo chumvi." Chumvi ni ile ile, na ziwa ni lile lile, kitenzi kimebadilika kwa sababu msemaji amebadilika. Wanafunzi wasomao Kiingereza mara nyingine huchanganya hapa, kwa sababu neno moja la Kiingereza laweza kuwa kutwaa, kupeleka au hata kunywa dawa. Afasiriye na atazame kwanza jambo lenyewe, kisha ndipo achague kitenzi.

Kuna lugha zinazokwenda mbali zaidi katika jambo hili. Kaskazini mwa California, huko Marekani, kando ya mto Klamath, wako watu waitwao Wakaruk. Jina lao lina maana ya upande wa juu wa mto. Katika lugha yao vitenzi vya mwendo na vya kuchukua huongezewa viungo mwishoni vinavyoonyesha kama kitu kinakwenda upande wa juu wa mto, au upande wa chini, au kupanda mlima, au kuingia ndani. Watu waliozoea mto hupima kila mwendo kwa mto. Wako pia Wanavajo, wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo, ambao hubadilisha kitenzi kwa umbo la kitu: kuchukua fimbo ni neno moja, kuchukua kitu cha mviringo ni jingine, na kuchukua nguo ni jingine.

Sisi hatufanyi hivyo. Je, viungo tunavyoongeza mwishoni mwa vitenzi vyetu huonyesha nini? Mara nyingi huonyesha jambo lilivyo baina ya watu. Kupeleka, kupelekea, kupelekewa, kupelekeana. Kutwika, kutwikwa, kutwikana. Wakaruk husema mzigo unakwenda upande gani wa mto. Sisi husema ni kwa ajili ya nani, na kwa mkono wa nani. Tena tunacho kitenzi kupokea, ambacho si kukubali zawadi tu. Kumpokea mtu mzigo ni kuutoa kwake na kuuhimili wewe, kwa hiari na kwa heshima. Mtoto wa Kisukuma, wa Kikerewe au wa pwani, aliyelelewa vema, amwonapo mzee anakuja na mzigo hangoji kuambiwa, hukimbia kumpokea. Methali husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana aushikaye mwingine waonekana mwepesi kwako. Apokeaye mzigo ndiye aujuaye uzito wake.

Basi twafika penye neno kubwa la mazungumzo haya. Vitenzi vya kutwaa si vya mwili tu. Ni vya haki. Kuokota ni kutwaa kilichoanguka, ambacho mwenyewe hayupo. Kuazima ni kutwaa kwa ruhusa na kwa ahadi ya kurudisha. Kupokonya ni kuvuta kutoka mkononi mwa mtu anayeona. Kunyang'anya ni kutwaa kwa nguvu. Kupora ni kunyang'anya na kukimbia. Kuiba ni kutwaa kwa siri. Mambo haya yote mtu aweza kuyaita kuchukua, na huo ndio mlango apitamo mwongo. Aliyeiba husema, "Nilichukua tu." Na aliyeokota, au aliyesaidia kama yule kijana wetu, husema vivyo hivyo, "Nilichukua," akashikwa pamoja na wezi.

Sisi walimu tumejifunza kumwuliza mtoto aletaye kalamu isiyo yake: "Umeiokota, umeiazima, umepewa, au umeitwaa?" Mara nyingi swali hilo hutosha. Mtoto mwenye kosa hunyamaza, kwa kuwa hakupata neno la kujificha, na mtoto asiye na kosa hujibu mara moja, "Nimeiokota mlangoni, mwalimu." Tungetaka wazazi nao wafanye hivyo nyumbani, na wazee katika mabaraza yao, na kila aandikaye ushuhuda. Asiandike "alichukua ng'ombe" pahali panapotakiwa "aliswaga ng'ombe waliopotea," au "aliiba ng'ombe." Kati ya sentensi hizo mbili kuna kifungo.

Hatusemi kwamba watu warudi katika Kiswahili cha 1939, wala kwamba mtu wa bara akatazwe kusema amebeba gunia. Lugha huhama, na asemaye kama jirani zake hakosei. Twasema tu kwamba maneno mazuri tusiyaache yakaozea ghalani hali kazi yake ingaliko. Na kwa hakika mengine hayajaozea. Katika miradi ya maji ya Tanzania husikika sana msemo wa kumtua mama ndoo kichwani. Katika mkoa wetu huu, maji ya ziwa huvutwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakaenda kwa bomba mpaka Shinyanga na Kahama. Waliotunga msemo ule wangeweza kusema kumwondolea mama ndoo, au kumsaidia kubeba. Walichagua kutua, neno la wapagazi, na kila mwanamke aliyewahi kujitwika ndoo kutoka mbali alilielewa hapo hapo, shingoni mwake.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja jepesi. Kesho, mtakapotaka kusema kuchukua au kubeba, simameni kidogo mjiulize: kwa kichwa au kwa bega? Kuja au kwenda? Kwa ruhusa au bila ruhusa? Kisha lichagueni neno lenyewe. Na mkiwa kando ya ziwa, mkimwona bibi mzee ana kikapu, mpokeeni. Lakini mwambieni na waliosimama karibu, kwa sauti, kwamba mnampelekea.

Kwa leo tutue hapo. Kwaherini.